Mzigo Uondoke Saa Nane ya Mchana

Belo la mitumba, lile la kawaida linaloshushwa soko la Gikomba, Nairobi, kila alfajiri, lina uzito wa kilo 45 hivi. Hamali mmoja hulibeba mgongoni huku akipiga kelele tumpishe, nasi tunapisha. Sasa litie maji. Nguo ya pamba hunywa maji kuzidi uzito wake wenyewe, na belo ambalo asubuhi lilikuwa la mgongo mmoja, usiku wa mafuriko linataka watu wawili au watatu waliokanyaga mahali pakavu. Na mahali pakavu hapapo. Mwenye belo huenda anaijua hesabu hiyo kuliko mimi, lakini alilinunua kwa pesa za chama na wiki ijayo anatakiwa kurejesha. Basi anarudi ndani kulivuta.

Leo nazungumzia mvua kubwa, na nimeanza na belo kwa makusudi. Nasaha nyingi tunazopewa msimu wa mvua zimetungwa na mtu asiye na mzigo. Hamieni miinukoni, tunaambiwa. Haya, mama mwenye mabelo matatu, meza na deni ahamie miinukoni na nini? Anayemwambia kwamba uhai ni bora kuliko mali amesema kweli, ila amesema ukweli huo saa nane ya usiku, maji yakiwa magotini, na saa hiyo hausikiki. Rai yangu ni kwamba hapa Gikomba usalama wa roho unaanzia kwenye mzigo, tena mapema, jua likiwa bado linawaka. Mzigo ukiwa umeondolewa saa nane ya mchana, mwenyewe hana cha kumrudisha ndani usiku.

Kwa nini saa nane ya mchana? Tuangalie anga kwanza.

Sisi hatuna yale majira ya joto wanayoyasimulia jamaa zetu walio Ulaya na Marekani, ya mwezi wa saba na wa nane. Mwezi wa saba hapa ni sweta. Joto letu ni Januari na Februari, soko zima likiwa limefunikwa na vumbi, kisha Machi inaleta masika ambayo yanafika kilele Aprili. Oktoba hadi Desemba ni vuli. Katika misimu hiyo miwili pepo za Bahari ya Hindi huingia bara zikiwa zimejaa unyevu na kupandishwa hadi huku kwetu, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua la asubuhi likishachoma ardhi, hewa yenye joto hupanda, hupoa huko juu, na wingu hukua kwenda juu kwa saa kadhaa kabla ya kuachilia. Ndiyo maana dhoruba zetu nyingi huja alasiri, jioni au usiku. Asubuhi ya Aprili yenye jua kali isikupe amani. Jua hilo ndilo linaloandaa mvua ya jioni.

Saa ya soko nayo inakwenda kinyume na ya mawingu. Belo hufunguliwa alfajiri. Kamera, zile nguo bora za mwanzo, zinachukuliwa kabla ofisi za mjini hazijafunguliwa. Ikifika saa nane, mezani kumebaki za kuchagua na za fagia, yaani masalio ya mwisho, wateja wamepungua na mwenye meza amechoka. Hiyo ndiyo saa ya kuamua. Mbinguni hakujawa na kitu, stoo ya ghorofani bado iko wazi na hamali bado yupo wa kupatana naye bei. Ikianza kunyesha hamali mwenyewe anaokoa mkokoteni wake, na akikubali kukubebea atataja bei ambayo hutaiamini.

Uamuzi huo unahitaji habari, na habari ipo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina makao yake Dagoretti Corner, barabara ya Ngong, na hutoa utabiri wa siku, wa wiki, wa mwezi na wa msimu. Onyo la mvua kubwa likitolewa, mara nyingi utasikia maneno haya: zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Msomaji wa taarifa huyapitisha haraka na kwenda kwa michezo. Tuyashike kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kibanda cha mita 2 kwa 3 kina paa la mita 6 za mraba, kwa hiyo milimita 20 zinamwaga juu yake lita 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Zikiwa milimita 50, ni mitungi 15. Hilo ni paa lako peke yako. Zidisha kwa vibanda vyote kuanzia Kamukunji hadi Majengo, ongeza lami yote ya barabara ya Landhies, kisha ujiulize mitungi hiyo inapitia wapi. Halafu kumbuka kwamba onyo limesema saa 24, lakini dhoruba ya alasiri inaweza kumwaga sehemu kubwa ya maji hayo kwa dakika 40.

Najua kuna msikilizaji anayecheka. Anakumbuka Oktoba 2023, Rais William Ruto alipowatangazia wananchi kwamba kwa mujibu wa wataalamu El Niño iliyokuwa ikihofiwa haitakuwapo. Mvua ikaja, na kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini. Kicheko hicho nakielewa. Lakini utabiri wa msimu na utabiri wa kesho si kitu kimoja. Wa msimu hukisia tabia ya miezi mitatu kwa kuangalia joto la bahari zilizo mbali, na hukosea. Wa kesho na kesho kutwa unaangalia mawingu na pepo zilizopo sasa, nao ni wa kuaminika zaidi. Anayeuza viatu hahitaji kujua Novemba itakuwaje. Anahitaji kujua kama leo jioni atandaze nje au la, na kwa hilo taarifa ya asubuhi inamtosha.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakuwa wamefungua duka kando ya Mto Nairobi. Mto huu unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unateremka kupitia Dagoretti na Kawangware, Kileleshwa na Chiromo, unapita Museum Hill na bustani ya Michuki, unaikata Kariokor, ndipo unatufikia. Kila mtaa unaupa maji ya mapaa yake na taka za mitaro yake. Kwa hiyo Kikuyu inaweza kupigwa na mvua kwa saa mbili huku Gikomba watu wakianika nguo, na mto ukapanda bila tone hata moja kutuangukia. Mtu anayetazama mbingu ataona salama. Atazame mto: maji yakigeuka mekundu kwa udongo wa huko juu, matawi na magogo yakianza kupita, na sauti yake ikibadilika, hiyo ni mvua iliyonyesha kwingine na inakuja kwetu kwa miguu.

Dawa ya hili ni rahisi, nami nashangaa kwamba haijawa desturi. Hakuna mfanyabiashara wa Gikomba asiye na shangazi, binamu au mteja Kawangware au Kikuyu. Kila chama kiwe na watu wawili wa huko juu ambao kazi yao msimu wa mvua ni kupiga simu moja tu. Na pale kwenye nguzo ya daraja la mto pachorwe mstari wa rangi nyekundu, kisha walinzi wa usiku, ambao tayari tunawalipa, waambiwe: maji yakigusa mstari, amsheni watu, msingoje kuuliza mtu. Filimbi ya shilingi chache inatosha. Marekani kwenye majimbo ya vimbunga wana ving'ora juu ya milingoti; sisi tuna walinzi wanaokesha. Kilichokosekana ni maagizo.

Mtu aniulize, mbona maji yote yanakuja huku Eastlands, mashariki ya mji? Sehemu ni maumbile na sehemu ni siasa ya kale. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, mji ulipandwa kwenye uwanda wenye vinamasi. Magharibi kuna mwinuko na udongo mwekundu unaonyonya maji. Huko wakoloni walijitengea wenyewe. Waafrika walipelekwa mashariki, Pumwani ikapimwa miaka ya 1920, na huku udongo ni ule mweusi unaonata. Ukiloa unavimba, na ukishavimba haupitishi maji. Mvua ileile inayoingia ardhini kule Lavington, magharibi, hapa inabaki juu ikitafuta mlango wa kuingilia.

Ila tusiwasingizie wakoloni kila kitu. Nenda mtaroni uangalie kilichoziba: nailoni za kufungia mabelo, kanda za plastiki, vitambaa vya fagia vilivyokosa mnunuzi, magamba ya samaki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mifuko ile kweli ilipungua, lakini vifungashio vya mabelo vinaingia kila siku na kila siku vinaachwa pale pale belo lilipofunguliwa. Kaunti ina lawama yake ya kutozoa, tena kubwa. Sisi tuna yetu. Kundi la vijana kumi na makarai, mwisho wa Februari, kabla ya masika, lingefanya zaidi ya mikutano mingi niliyoisikia ikitangazwa kwenye redio hii.

Sasa turudi mwaka 2024, kwa sababu bado unatuwinda. Masika yale yaliua watu karibu 300 nchi nzima. Katika wiki ya mwisho ya Aprili, mtaa wa Mathare ulifunikwa na maji usiku watu wakiwa wamelala. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, kule Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na taka chini ya reli yalivunja kizuizi na kushukia nyumba. Walikufa watu zaidi ya 50. Shule zilizokuwa zifunguliwe siku hiyohiyo zikaahirishwa, zikaahirishwa tena, hadi Mei 13. Na kana kwamba hayo hayatoshi, kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya Tanzania tarehe 4 Mei, jambo ambalo wazee wengi wa pwani hawakuwahi kulishuhudia.

Ndipo likaja agizo la serikali: wote walio ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame. Tingatinga zikafuata, Mathare na Mukuru zikabomolewa. Agizo lile, kwa upande wa maji, lilikuwa sahihi. Maji hayajui hati ya ardhi wala kadi ya chama. Kwa upande wa saa, lilikuwa baya. Kumhamisha mtu wakati wa mafuriko ni kumtoa kwenye maji na kumweka kwenye mvua. Mwaka 2025 kukazinduliwa mradi mkubwa wa kuufufua Mto Nairobi, na wenye umri wangu wanakumbuka kwamba marehemu waziri John Michuki naye aliwahi kuusafisha ukang'aa. Nautakia heri mradi huu. Lakini mwenye kibanda asingoje mradi.

Niseme basi kuhusu dhoruba yenyewe, ikishafika.

Kinachotangulia ni upepo. Joto limekubana tangu saa sita, ghafla unapuliza upepo wa baridi na vumbi linainuka. Hewa hiyo baridi imeporomoka kutoka ndani ya wingu, na ukiisikia una dakika chache tu. Fanya jambo moja: funga miavuli mikubwa na uondoke chini ya mabati yasiyopigiliwa. Sisi tuna mazoea ya kuweka mawe juu ya mabati na kuita hiyo paa. Upepo ukinyanyua bati, jiwe lile linaanguka kichwani mwa mtu na bati lenyewe linaruka kukata wengine. Misumari na waya wa kufungia ni bei ndogo, na pale Kamukunji kwa mafundi wa jua kali ni hatua chache tu.

Kisha stima. Hapa nitakaa kidogo, maana naogopa stima ya Gikomba kuliko mto wake. Nyaya zimeunganishwa kiholela, zimepitishwa juu ya mabati, zimefungwa kwenye nguzo za chuma, zingine zimelala chini ya magunia. Bati lililoguswa na waya uliochubuka linaweza kukaa miezi bila kumdhuru mtu, kwa kuwa ardhi ni kavu na viatu ni vikavu. Maji yakiingia, ukuta mzima unakuwa waya. Ukiwa umesimama majini usiguse swichi, hata ya kuzima. Swichi kuu izimwe kila jioni unapofunga msimu wa mvua, ukiwa mkavu, kila siku bila kusubiri kuona mawingu. Ukiona waya umeanguka, usiusukume na mbao iliyoloa wala usijaribu kuwa shujaa. Zuia watu wasipite na upige 97771, namba ya Kenya Power. Na mtu akinaswa, usimshike kabla stima haijazimwa. Wengi hufa wawili wawili kwa namna hii, wa pili akiwa ni yule aliyekimbilia kusaidia. Tumezoea kuliogopa soko hili kwa moto, na tuna haki: tarehe 28 Juni 2018 watu 15 walikufa hapa katika moto mmoja. Waya mbovu hauchagui kiangazi wala masika.

Maji yenyewe yana nguvu ambayo macho hayaioni. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15, hayajafika hata katikati ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, matatu ikiwemo, kwa hiyo dereva anayeingia barabara iliyofurika kwa sababu aliyemtangulia amepita, anacheza kamari na abiria 14. Na kwa anayetembea kuna shimo. Mifuniko ya mashimo ya maji taka mjini huibwa ikauzwa vyuma chakavu. Barabara ikishafunikwa na maji meusi huoni iliyo wazi. Mtoto asishikwe mkono tu, abebwe. Kama ni lazima upite, pita na fimbo ukipapasa mbele yako, ila mara nyingi si lazima. Mvua nyingi za namna hii hupungua ndani ya saa moja au mbili, na basi la saa moja jioni litakuwapo saa tatu.

Radi sisi huwa tunawaachia watu wa Kisii na Kakamega, ambako hupiga sana, lakini Nairobi nayo haijasamehewa. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukisikia ngurumo tu, wewe tayari uko karibu vya kutosha kupigwa. Ingia jengo la mawe au gari lililofungwa vioo, ukae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Miti ya uwanja wa Kamukunji si kimbilio, na kibanda cha mabati pia si kimbilio.

Wala ukuta wowote usiufanye kimbilio kwa kuwa ni wa mawe. Tarehe 29 Aprili 2016, siku ya mvua kubwa, ghorofa lililojengwa kando ya mto, mtaani Huruma, liliporomoka na kuua watu 52. Jengo lenye nyufa mpya, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, maji yanayochuruzika kwenye msingi: ondokeni, hata kama mwenye nyumba anasema ni rangi tu.

Asubuhi yake, mama muuza samaki, samaki waliogelea mara ya pili kwenye maji ya mtaro usiwaoshe ukawauza. Kipindupindu hufuata mafuriko. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yale ya bomba, kwa sababu bomba lililopasuka chini ya maji machafu huyavuta ndani. Belo lililoloa lifunguliwe siku hiyohiyo, lianikwe. Likikaa siku mbili linaota ukungu na hata fagia haliendi.

Limebaki la wanaolala ndani ya vibanda kulinda mali, na hili ndilo gumu. Hawatatoka kwa kuambiwa na redio. Watatoka kama mali haipo ndani. Ghorofa za Gikomba zina vyumba vya juu na ngazi ambazo usiku hazina kazi, na wenye majengo hayo ni watu wa kuzungumza nao. Chama cha watu ishirini kikipatana kodi ya chumba kimoja kwa Aprili na Mei, na tena kwa Novemba, kila mmoja analipa kiasi ambacho hakifiki bei ya belo moja lililooza. Mazungumzo hayo yafanyike Februari, kukiwa kukavu na mwenye nyumba anatafuta wapangaji, maana mvua ikishaanza atataja bei kama hamali wetu wa alasiri.

Walio na kalamu, namba za simu ziko hivi: Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, hulipii simu. Kenya Power, 97771. Polisi, 999 au 112. Namba ya nne mtaijaza wenyewe, ni ya yule shangazi wa Kikuyu.